Kiingilio cha Mtoto Uganda: Mageti Yanavyouliza Umri, na Yanavyopaswa Kuuliza

Hapa tunapima huduma moja tu ya sehemu za burudani za Uganda: namna geti linavyojua mtoto ana miaka mingapi kabla ya kumkatia tiketi. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, lakini ndiyo inayoamua mzazi atatoa shilingi ngapi, mtoto atapanda nini, na akipotea katikati ya umati wa Krismasi au Idd atatafutwa kwa maelezo gani. Hukumu yetu tunaitoa mapema. Bei kwa umri ni mpango mzuri kwa familia, na wazazi wengi husema ukweli wakiulizwa vizuri. Kinachoharibika mara nyingi ni ubao wa bei na swali lenyewe la karani.

Tuanze na ubao. Ukikuta umeandikwa "watoto 3–12" na chini yake "wakubwa 12 na zaidi", aliyetimiza miaka 12 yuko pande zote mbili. Mzazi atachagua upande wa bei ndogo, karani atachagua upande wa bei kubwa, na wote wawili wana haki. Ubao wa "hadi miaka 5" nao una shida: mtoto wa miaka 5 na miezi 8 ameshapita mitano, au bado yuko ndani ya mitano? Ubao mzuri husema "ambaye hajatimiza miaka 5", kisha "miaka 5 mpaka siku moja kabla ya kutimiza 13", kisha "13 na kuendelea". Ni mrefu kidogo, lakini unamaliza ubishi. Uongeze pia kwamba umri unaohesabiwa ni wa siku ya kuingia, wala si wa siku ya kununua tiketi, maana siku hizi watu wanalipia kwa simu wiki kadhaa kabla.

Geti lina njia tatu za kujua umri. Ya kwanza ni kumuuliza mzazi na kumwamini. Ya pili ni kukadiria kwa jicho. Ya tatu ni kupima urefu kwa mstari uliochorwa ukutani, mara nyingi kwenye mita moja au mita moja na robo. Kati ya hizo, jicho ndilo baya kuliko yote. Mtoto mnene analipishwa, mwembamba anapita, na mzazi aliyesema ukweli anajiona mjinga mbele ya foleni nzima.

Mstari wa ukutani unaonekana wa haki kwa sababu haubishani na mtu, kwa hiyo tuutazame kwa makini. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kawaida wa miaka 4 ana kama sentimita 103, na wa miaka 5 ana kama 110. Lakini hiyo ni katikati tu. Mtoto mrefu wa miaka 4 anafika 111, na mfupi wa miaka 5 anaweza kuwa na 101, tena wote wawili ni wazima kabisa. Mstari wowote utakaouchora kati ya 101 na 111 utamlipisha mdogo na kumwachia mkubwa. Kwa Uganda kuna jambo zito zaidi: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta watoto 29 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Urefu unaonyesha mtoto alikula nini na aliugua mara ngapi, lakini hauonyeshi mwaka aliozaliwa. China ilitumia urefu kwa tiketi za treni za watoto kwa miaka mingi, na kuanzia tarehe 1 Januari 2023 ikahamia kwenye umri: chini ya miaka 6 bure, 6 mpaka kabla ya kutimiza 14 nauli ya mtoto.

Hii haina maana kwamba mstari ufutwe. Mahali pake ni kwenye mashine za michezo zinazopandwa. Bustani za burudani za Disney kule Florida, Marekani, wametenganisha mambo haya mawili waziwazi: getini ni umri, ambapo chini ya miaka 3 ni bure, 3 hadi 9 bei ya mtoto, 10 na kuendelea bei ya mtu mzima; kwenye mashine zenye masharti kinachotazamwa ni urefu, kwa mfano sentimita 112 kwa Space Mountain. Chuma cha kumkingia abiria kinashuka mpaka kwenye mapaja na nyonga za mtu wa kimo fulani. Mtoto aliye chini ya kimo hicho anabaki na nafasi ya kuteleza chini ya chuma mashine inapofunga breki, na hapo miaka yake haimsaidii chochote.

Sasa turudi kwa mzazi aliyepunguza umri. Watu huona uongo huu unaishia kwenye dirisha la tiketi. Hauishii hapo, maana umri uliotajwa unamfuata mtoto ndani. Sehemu nyingi hufunga bangili ya karatasi mkononi, rangi moja ya wadogo na nyingine ya wakubwa. Mtoto wa miaka 7 aliyeingizwa kama wa miaka 4 anavaa rangi ya wadogo, na kuanzia hapo msimamizi wa kila mchezo anamwona ni wa miaka 4. Tazama yale majumba ya kuruka yanayojazwa hewa. Hatari yake kubwa ni watoto wa uzito tofauti kuruka pamoja: mzito anapotua, mwepesi anarushwa juu bila kujitayarisha na kuangukia mkono au shingo. Ndiyo maana wasimamizi makini huingiza watoto kwa zamu, wadogo na wadogo, wakubwa na wakubwa. Bangili ya uongo inampeleka mtoto wa kilo 25 katikati ya watoto wa kilo 14, na anayeumia ni mtoto wa mtu mwingine aliyelipa kwa haki. Kwa trampolini, mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani inashauri kwamba aliye chini ya miaka 6 asipande kabisa trampolini kubwa, kwa hiyo mtoto wako wa miaka 7 mwenye bangili ya miaka 4 atakataliwa mchezo aliostahili, nawe utabaki kueleza mbele yake kwa nini.

Majini ni hivyohivyo. Boti la kwenda kisiwa cha Ngamba, kwenye hifadhi ya sokwe aina ya chimpanzi iliyoanzishwa mwaka 1998, linavuka kama kilomita 23 za Ziwa Victoria kutoka Entebbe. Jaketi la kuokolea halichaguliwi kwa bei ya tiketi. Kwa viwango vya kimataifa vya usalama wa baharini, chini ya kilo 15 ni jaketi la mtoto mchanga, kilo 15 hadi 43 la mtoto, na kutoka 43 la mtu mzima. Mtoto mdogo akivishwa la mtu mzima, akiingia majini jaketi linapanda juu na kufunika uso wake. Kwa hiyo unapoweka nafasi ya boti yoyote ziwani, sema umri na kilo pamoja, ili majaketi ya kufaa yawemo kabla ya kuondoka. Orodha ya abiria nayo iwe na umri wa kweli, kwa kuwa ndiyo watakayoishika waokoaji.

Swali lenyewe la karani linastahili kuangaliwa kwa karibu. Kwenye foleni ndefu mara nyingi huwa hivi: "Mama, huyu ana miaka mingapi?" "Minne." Karani anainama kwenye tundu la kioo, anamtazama mtoto, anamuuliza yeye mwenyewe: "Uko darasa gani?" Mtoto anajibu kwa fahari kubwa: "P.2!", yaani darasa la pili la shule ya msingi. Foleni inacheka, mama anafungua pochi tena, na mtoto anamtazama mama usoni bila kuelewa amekosea wapi. Hapo geti limepata pesa yake, lakini limemfanya mtoto shahidi dhidi ya mzazi wake. Tunalipunguzia alama geti lolote linalofanya hivyo. Hata hesabu ya darasa haiaminiki: tangu elimu ya msingi ya bure ianze mwaka 1997, madarasa ya Uganda yana watoto wengi waliochelewa kuanza au kurudia, na P.3 unaweza kumkuta wa miaka 8 amekaa na wa miaka 11.

Njia bora ni kumuuliza mtu mzima tarehe, si idadi ya miaka: "Alizaliwa lini?" Miaka hupunguzwa kwa urahisi mdomoni. Tarehe kamili ya uongo inataka hesabu ya haraka, na wengi hawaifanyi. Karani naye asikisie kichwani. Abandike pembeni ya dirisha karatasi inayobadilishwa kila asubuhi: "Leo, bei ya mtoto ni kwa waliozaliwa baada ya tarehe fulani." Hapo jibu ni ndiyo au hapana.

Kwa mzazi, uthibitisho si kazi ngumu. Cheti cha kuzaliwa kibaki nyumbani, piga picha yake ukae nayo kwenye simu. Kama huna cheti, kadi ya chanjo ya kliniki ina tarehe ya kuzaliwa juu kabisa, na picha yake inatosha kwa karani mwenye busara. Namba ya utambulisho wa taifa (NIN) kutoka NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, nayo ina habari: baada ya herufi mbili za mwanzo zinafuata tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Familia za wakimbizi, wakiwemo wazungumzaji wenzetu wa Kiswahili kutoka Kongo wanaoishi Kampala na kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali na Kyaka, wana karatasi ya familia inayoorodhesha kila mtu na tarehe yake. Watoto wengi humo wameandikwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku yenyewe haikujulikana. Karani asiyejua hilo hudhani karatasi ni ya kughushi, hasa akiona ndugu watatu wana siku moja. Ni karatasi halali, na geti liifuate kama ilivyoandikwa, iwe inamfaidi mzazi au la.

Wajomba, mashangazi na dada wa nyumbani wanaoleta watoto wasio wao ndio hukosea bila nia mbaya. Mzazi, watumie ujumbe wenye tarehe ya kuzaliwa ya mtoto kabla hawajatoka nyumbani.

Kuna geti ambapo uongo unakwenda upande wa pili, umri ukiongezwa badala ya kupunguzwa: sokwe wa milimani, yaani gorila, wa hifadhi za Bwindi na Mgahinga. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, haimruhusu aliye chini ya miaka 15 kuwafuatilia. Kibali cha mgeni asiyeishi nchini ni dola 800 tangu Julai 2024, na familia iliyokwisha lipia kijana wa miaka 14 hushawishika kuongeza mwaka mmoja. Msifanye hivyo. Wanyama hawa wako karibu nasi kiasi kwamba mafua na surua zetu zinawashika, na watoto ndio wabebaji wa kawaida wa magonjwa hayo. Ndiyo sababu ya barakoa, ya kukaa mbali, ya watu wasiozidi 8 kwa kundi na ya saa moja tu. Isitoshe pasipoti hukaguliwa asubuhi ile kabla ya kuingia msituni, na pesa ya kibali inaweza kupotea. Kijana wa miaka 14 atafurahi zaidi kwenye kituo cha elimu ya wanyamapori cha UWEC pale Entebbe, kilichoanza mwaka 1952 kama makazi ya wanyama waliookolewa na ambacho familia nzima inaweza kutembea pamoja.

Kwa makundi ya shule, kanisa au madrasa tunatoa alama za chini kabisa, na lawama ni ya pande zote mbili. Kiongozi anakuja na namba tu: "Watoto 60." Geti linawapitisha mmoja mmoja na kuhesabu vichwa, vijana wa miaka 15 wakiwa ndani ya hesabu ya watoto. Orodha ya kundi iwe na safu nne: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mtu mzima anayemsimamia, na namba ya simu ya mzazi. Itumwe siku moja kabla, nakala moja ibaki getini na nyingine kwa kiongozi. Kila mtoto aandikwe namba ya simu ya kiongozi upande wa ndani wa bangili.

Ukishalipa, usiondoke dirishani kabla ya kusoma risiti. Risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda (URA), huonyesha kila kitu kilichouzwa na idadi yake. Hakikisha wakubwa ni wangapi na watoto ni wangapi. Ukikuta mtoto wako amewekwa kwa wakubwa kimakosa, rekebisha papo hapo, kabla bangili haijafungwa, kwa kuwa ikishafungwa sehemu nyingi hazirudishi pesa. Na ukikuta mkubwa wako amewekwa kwa watoto, mwambie karani vilevile, wakati huohuo. Atatakiwa kufunga hesabu jioni, na upungufu ukionekana, huenda ukakatwa kwenye mshahara wake.