tmux: inachookoa, isichookoa, na pale inaposumbua

Kwa yeyote anayefanya kazi kwenye seva kupitia ssh (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa amri za maandishi), naiweka tmux, programu inayoshikilia madirisha mengi ndani ya terminali moja, mbele ya programu nyingine zote za terminali. Ila siiachi na mipangilio iliyokuja nayo.

Muunganisho wa ssh ukikatika, sheli (programu inayopokea amri zako) iliyokuwa ikiutegemea hupokea ishara ya SIGHUP, yaani taarifa kwamba terminali imeondoka, ikafa na kwa kawaida kazi zake zikafa nayo. tmux huitenga kazi na muunganisho. Kila unachoendesha kinashikwa na mchakato mmoja unaobaki kwenye mashine ya mbali, na skrini yako huwa inachungulia tu kupitia soketi (faili maalumu la kuunganisha programu mbili), kwa kawaida `/tmp/tmux-1000/default` (1000 ni namba yako ya mtumiaji). Screen, programu ya zamani ya aina hiyohiyo, imekuwa ikifanya hivyo tangu 1987. tmux ilitoka 2007, na naipendelea kwa kugawa skrini bila taabu na kwa faili la usanidi linalosomeka.

Amri ninayoitegemea ni moja:

`ssh -t seva tmux new -A -s kazi`

`-A` hujiunga na sesheni (kundi la madirisha ya tmux) iitwayo "kazi" kama ipo, na kama haipo huiunda. Ukisahau `-t`, tmux hukataa kufunguka kwa sababu haijapewa terminali. Kutoka bila kuua kitu ni Ctrl-b (kitufe kinachotangulia kila amri ya tmux) kisha d. Ukikuta skrini imebanwa kwa sababu kompyuta nyingine, yenye dirisha dogo, bado imeunganishwa, `tmux attach -d -t kazi` huitoa hiyo nyingine.

Wengi huishia kuiweka amri hiyo kama `RemoteCommand` ndani ya `~/.ssh/config`, pamoja na `RequestTTY yes`. Inafanya kazi vizuri mpaka siku utakapotaka rsync (ya kunakili faili) au git (ya kutunza matoleo ya msimbo) kupitia jina lilelile la mashine: ssh itagoma, maana haiwezi kuchukua amri mbili. Ipe mashine moja majina mawili ya `Host`, moja la tmux na moja tupu.

Kwenye `~/.tmux.conf` mistari minne inatosha kuanzia:

`set -g history-limit 50000`
`set -sg escape-time 10`
`set -g mouse on`
`set -g default-terminal "tmux-256color"`

Kumbukumbu ya awali ya kurudi nyuma kwenye skrini ni mistari 2000, na kukompaili programu kubwa mara moja tu kunaimaliza. Mpangilio huo mpya haugusi madirisha yaliyokwisha kufunguliwa, kwa hiyo usishangae ukiona hakuna kilichobadilika. Mstari wa pili ni wa watumiaji wa kihariri cha maandishi cha Vim: matoleo kabla ya 3.5 husubiri milisekunde 500 baada ya Esc, na unaweza kuulaumu mtandao bure. Kipanya kikiwashwa, kuchagua maandishi kwa njia ya kawaida hukoma. Kwenye terminali nyingi shikilia Shift unapoburuta. Mstari wa nne una gharama yake: ukitoka ndani ya tmux kwenda seva ya zamani isiyoijua aina hiyo ya terminali, programu kama less na top huanza kulalamika. Dawa ni kuipelekea maelezo:

`infocmp -x tmux-256color | ssh seva 'tic -x /dev/stdin'`

Kinachokera zaidi ni funguo za ssh. Ukirudi kwenye sesheni ya jana, git inakataa kuingia ingawa umepitisha wakala wako (ssh-agent, programu inayoshika funguo zako) sawasawa. Sababu ni kwamba sheli za ndani bado zina `SSH_AUTH_SOCK` (anwani ya soketi ya wakala) ya muunganisho uliokufa. tmux hupokea thamani mpya unapojiunga, lakini haiwezi kuibadilisha ndani ya sheli inayoendelea. Andika `eval $(tmux show-environment -s SSH_AUTH_SOCK)` kwenye dirisha husika, kisha ujaribu tena.

Tatizo la pili huonekana kama kosa la tmux na si lake. Unatoka, unarudi, `tmux ls` haina kitu. Kwenye Linux yenye systemd (mfumo unaosimamia huduma na michakato), angalia `KillUserProcesses` ndani ya `logind.conf`. Ikiwa ni `yes`, kila mchakato wako unauawa unapotoka. Washa `loginctl enable-linger`, kisha anzisha tmux kwa `systemd-run --scope --user tmux`. Lakini kama mchakato wa tmux bado upo na soketi tu ndiyo imefutwa na kisafishaji cha `/tmp`, `pkill -USR1 tmux` huiunda upya.

tmux ndani ya tmux haikwepeki ukiitumia nyumbani na mbali. Ctrl-b mara mbili hupeleka amri kwa ile ya ndani. Mimi naona nafuu ya kweli ni kubadili kitufe tangulizi cha ile ya nyumbani kiwe Ctrl-a.

Kwa mtandao unaoyumbayumba naongeza mosh, mbadala wa ssh unaovumilia mtandao kukatika, inayotumia UDP kwenye milango 60000 hadi 61000, kwa hiyo ngome ya mtandao lazima iifungue. Mosh yenyewe haina kumbukumbu ya kurudi nyuma, na hapo tmux ndiyo hujaza pengo.

Mashine ikizimwa, sesheni zote zinakwenda. Programu-jalizi ya tmux-resurrect hurudisha mpangilio wa madirisha na saraka zake, na tmux-continuum huuhifadhi kila dakika 15, lakini hesabu iliyokuwa imefika nusu hairudi. Kazi ya namna hiyo lazima ijihifadhi yenyewe kwenye diski.