Uzoefu wangu: Madaraka Express kwa familia inayompeleka mwanafunzi Nairobi kupokea tuzo ya uchoraji

Watu wengi huipima Madaraka Express, treni ya Mombasa hadi Nairobi, kwa bei na mwendo. Mimi naipima kwa mzigo: wazazi, watoto, na picha isiyotakiwa kukunjika wala kupigwa na jua, kutoka Mombasa hadi ukumbi wa tuzo jijini. Kwa safari ya namna hiyo naipa nyota nne kati ya tano, mradi mpande ya saa mbili asubuhi, siku moja kabla ya sherehe.

Ya saa mbili husimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River, kisha huingia Nairobi kwenye saa nane mchana. Watu huikwepa kwa sababu ya hivyo vituo, lakini ndiyo pekee inayokufikisha ofisi zikiwa bado wazi, ukaikabidhi picha siku hiyo hiyo. Ya saa tisa alasiri inakimbia zaidi, ila mnashuka giza limeshaingia na hakuna wa kuipokea kazi, kwa hiyo picha inalala nanyi gesti. Ya saa nne usiku inawashusha kabla ya alfajiri. Wapo wanaoipenda kwa kuwa inaokoa pesa ya malazi, lakini mtoto aliyelala ameketi hafai kupandishwa jukwaani asubuhi hiyo.

Nauli tangu Januari 1, 2024 ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, walio chini ya miaka 3 hawalipi. Chukua baba, mama, mwanafunzi wa miaka 15 na mdogo wake wa miaka 8: daraja la kawaida ni 5,250 kwenda, daraja la kwanza ni 15,750. Tofauti ni 10,500, na hiyo ni kwenda tu. Ukiniuliza, kaeni daraja la kawaida, tofauti hiyo iende kwenye teksi na chumba kilicho karibu na ukumbi. Viti vya daraja la kawaida vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, vinatazamana, na migongo yake hailali nyuma. Familia ya watu wanne ikipata upande wa viwili-viwili inakaa kama sebuleni. Upande wa watatu mtachangia meza na magoti na abiria wengine.

Tiketi hukatwa kwa *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, malipo kwa M-Pesa. Andaa mapema nambari za vitambulisho vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hakikisha salio la M-Pesa linatosha kabla hujaanza, maana oda isiyolipiwa kwa wakati hufutika. Waweke wote katika oda moja, la sivyo mtatawanywa. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba daraja la kawaida ndilo huisha kwanza. Mwaliko wa tuzo ukishathibitishwa, kata tiketi. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa sababu pale stesheni tiketi na kitambulisho hulinganishwa.

Stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa, na msongamano wa Changamwe asubuhi si wa kubahatisha. Wa Likoni na Diani wapitie barabara ya Dongo Kundu, waachane na kivuko. Muwe langoni saa nzima kabla ya treni kuondoka, na mwenye picha aongeze nusu saa. Mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wa ukaguzi wainuse, halafu hupitishwa kwenye mashine, na hapo ndipo wachoraji hupoteza vitu. Kisu cha kukatia karatasi, mkasi, mkebe wa kupuliza vanishi na tarpentaini havipiti: viwili vya kwanza ni vyenye makali, viwili vya mwisho ni vya kulipuka moto. Kama picha itahitaji kurekebishwa Nairobi, beba rangi za maji au akriliki kwenye tyubu, na kisu mtanunua huko.

Sasa picha yenyewe. Kanvasi iliyopigwa kwenye mbao na isiyozidi sanduku kubwa la nguo, ibebeni bapa. Iliyo kubwa zaidi itatokeza nje ya rafu ya juu na kugongwa na kila anayepita, kwa hiyo ing'oe kwenye mbao uikunje mviringo. Upande wa rangi uwe nje, si ndani. Wengi hufanya kinyume wakidhani wanailinda, kumbe rangi ikiwa ndani hubanwa na kujikunja, na ikinyooshwa hupasuka nyufa. Ikunjie kwenye bomba la PVC la inchi 4 au nene zaidi, ukitanguliza karatasi ya kuokea juu ya rangi. Plastiki ya mapovu isiguse rangi hata kidogo: akriliki hulainika kwa joto la Pwani, na baada ya saa sita yale mapovu yatakuwa yamechora duara zao juu ya kazi ya mtoto. Mapovu ni ya nje, juu ya karatasi. Funga kwa selotepu ya karatasi na ukunje ncha yake, mtu aweze kuivuta kwa vidole bila kisu.

Fremu ya kioo iache nyumbani. Ikibidi kuwe na fremu, weka plastiki ngumu angavu badala ya kioo. Nyuma ya picha andika jina la mwanafunzi, shule, kichwa cha kazi, vipimo, aina ya rangi na mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Usicheke. Picha za mitindo huru, zisizoonyesha kitu cha kutambulika, hutundikwa kichwa chini, na mwenyewe anaigundua akiwa tayari ameshika cheti.

Nairobi Terminus iko Syokimau, si katikati ya jiji. Kuna treni ndogo inayounganisha na stesheni kuu ya zamani, ni rahisi, lakini abiria hubanana na picha bapa haitapona. Chukueni teksi, na kama kazi inazidi mita moja agizeni gari kubwa, kwa sababu watu wanne na masanduku hawabakishi nafasi kwenye gari dogo. Mkipitia Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, ada ya barabara ni juu yenu, mbali na nauli. Mnaokwenda Makumbusho ya Taifa au ukumbi wa maigizo wa Kenya National Theatre, barabara ya Harry Thuku, tokeni Expressway pale Museum Hill. Ukumbi ukiwa Karen au Lang'ata, Southern Bypass ndiyo njia, na Expressway ni kupoteza pesa. Malazi tafuteni upande wa ukumbi, si wa stesheni: asubuhi ya sherehe barabara ya Mombasa haina huruma.

Kama ni Julai au Agosti, watoto wa Pwani wavae sweta za kweli. Usiku nyuzijoto hushuka hadi kumi na kitu, na sare ya mikono mifupi haitoshi. Ulizeni mapema kama mwanafunzi anatakiwa avae sare ya shule na kama mwaliko unawaruhusu wadogo zake, maana kadi nyingi ni za wageni wawili.

Mkiikabidhi picha, msiondoke bila stakabadhi yenye kichwa cha kazi, vipimo, hali yake, tarehe ya kurudishwa na sahihi ya aliyeipokea, na mpige picha mbele na nyuma hapo hapo mezani. Kazi iliyoshinda kwa kawaida hubaki kwenye maonyesho, nanyi mtarudi bila hiyo, kwa hiyo bomba la PVC muwaachie waandalizi, likiwa na jina. Cheti kiwekwe kwenye jalada gumu. Hundi kubwa ya mfano ipigeni picha muiache ukumbini, haiingii mlango wa teksi. Kombe la kioo lisafiri ndani ya sweta, mkononi, na kwenye mashine ya ukaguzi liwekwe limelala.