Bosman Family Vineyards: mvinyo ambao wafanyakazi nao wana hisa

Bosman Family Vineyards ya Wellington, jimbo la Western Cape nchini Afrika Kusini, inaendeshwa na kizazi cha nane cha ukoo mmoja, lakini kilichonifanya ninunue chupa zake mbili si umri wa ukoo huo bali hesabu ya hisa. Makubaliano yaliyofikiwa mwishoni mwa miaka ya 2000 yaliwapa wafanyakazi wapatao 260 umiliki wa asilimia 26 ya biashara, kupitia mfuko wa udhamini uitwao Adama Appollo.

Mtu anaweza kuibeza asilimia 26, na ni kweli kwamba haitoshi kumteua mkurugenzi. Hata hivyo, kwa kuwa sheria ya makampuni ya nchi hiyo hudai asilimia 75 ya kura ili azimio maalumu (uamuzi mzito, kama kubadili katiba ya kampuni) lipite, mwenye zaidi ya robo ana uwezo wa kulizuia, na hilo ni zito kuliko zawadi za mwisho wa mwaka. Ikumbukwe kwamba haya yanatokea katika mashamba ya Cape, ambako vibarua walizoea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, mtindo ulioitwa dop, ambao ulidumu miaka mingi hata baada ya kupigwa marufuku na kuacha ulevi katika familia nyingi.

Ujuzi wenyewe, isitoshe, umo mikononi mwa wafanyakazi hao. Bosman ina kitalu kikubwa cha miche ya mizabibu, na tangu filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi ya mizabibu, alipoingia Cape mwaka 1886, mzabibu hubebeshwa juu ya shina linalomstahimili: kikonyo (kijiti cha mzabibu unaotakiwa) na shina hukatwa ili vishikane kama vipande vya fumbo la picha, kisha kiungo huchovywa kwenye nta kisikauke. Kiungo kikilegea, mche umepotea.

Nimeonja Chenin Blanc, ambayo ni mvinyo mweupe, na Nero d'Avola, mwekundu. Ya kwanza ina harufu ya pera na uchachu safi, nami niliinywa na samaki wa kuchoma bila kujutia, ingawa sikuona jipya sana ndani yake. Nero ndiyo iliyonishika. Ni zabibu ya Sicily inayovumilia joto na ukame, na Bosman ndio walioipanda kwanza Afrika Kusini; rangi yake ni nyekundu iliyokolea, ina ladha ya cheri iliyoiva, na ukakasi wake ni mwepesi kiasi kwamba hata asiyependa mvinyo mwekundu hatakunja uso.

Anayenunua kwa mara ya kwanza ningemshauri aanze na hiyo Nero, aiweke kwenye friji dakika 20 hivi kabla ya kuifungua, kisha aiache glasini ipumue kidogo nyama ikimaliziwa jikoni.