Matairi ya pikapu ya kila siku: ply 10 kwangu haipo juu

Meseji ninazopata ni zile zile. Mtu kanunua pikapu ya fowili, iwe Hilux, Ranger au D-Max, anaenda nayo kazini na kurudi, mara moja moja wikendi ndo anaingia njia mbovu. Kitu cha kwanza anavua matairi yaliyokuja na gari, anafunga ya kashata nene, yaani meno makubwa ya mpira, halafu baada ya muda ananiandikia: dada, gari imekuwa nzito, inadundadunda, mafuta yanaenda na mvua ikinyesha nyuma inateleza kwenye kona, shida itakuwa shokapu? Namwambia anipigie picha ubavu wa tairi. Karibu wote picha ikija ni LT mwanzoni, yaani tairi la magari ya mizigo, na 120 au 121 mwishoni, hiyo ni namba ya mzigo.

Kwa hiyo leo siongelei muonekano, wala kilomita litakazodumu, wala linavyong'ata matope, hayo muuzaji yeyote atakuimbia bila kuombwa. Naongelea uzito na ugumu wa tairi, maana hapo ndo watu wanaumia na hakuna anayewaambia.

Chukua saizi ya kawaida kabisa ya hizi pikapu, 265/65R17. La kawaida lina namba 112, yaani tairi moja linabeba kilo 1120, piga mara nne unapata 4480. Pikapu nyingi za kundi hili hata ukizijaza mpaka mwisho unaoruhusiwa zinazungukia tani 3 na kitu, sasa hizo kilo za ziada unazitaka za nini? Ndo anakuja muuzaji na LT, 120, anakwambia hii ni ply 10, yaani ya tabaka 10, hii ngumu. Kweli 120 ni kilo 1400, ila hizo kilo 1400 unazipata ukijaza upepo psi 80, na hakuna mtu anaenda kazini na psi 80. Ukijaza ile 30 ya kibandiko cha mlangoni, LT linabeba mzigo mdogo kuliko tairi la kawaida la saizi hiyo hiyo. Yaani umelipa zaidi ukapata pungufu. Ukiongeza upepo ili mzigo ukae sawa, ugumu unahamia kwenye mgongo wako.

Halafu kilo za tairi lenyewe, hizi hakuna anayeziuliza. LT la ply 10 linaweza kuzidi la kawaida kwa kilo 4 mpaka 6, kila moja, na uzito huo uko chini ya springi, hivyo kila shimo shokapu inapambana nao, ukikanyaga breki unapambana nao, ukiondoka kwenye taa injini inaanza kuuzungusha upya. Na nyuma ya pikapu ikiwa tupu ni nyepesi, springi zake za majani zimetengenezwa kubeba karibu tani, ukiongezea tairi gumu hapo nyuma inarukaruka badala ya kushika barabara, lami ikilowa ndo zile meseji zinaanza.

Haya, twende kwenye chaguo zangu.

Namba moja ni Yokohama Geolandar A/T G015, lile lisilo LT (A/T ni tairi la njia zote, lami na vumbi). Nalipenda na sifichi, na hakuna aliyenilipa. Kwenye vumbi na kokoto linafanya kazi, kwenye lami halipigi kelele, mvua ikinyesha moyo unatulia. Ila fungua macho, jina hilo hilo lipo pia kwenye LT, unaweza kuagiza G015 ukaletewa G015 sio ile uliyoitaka halafu ukaambiwa "si hii hapa jina lake". Soma ubavu: unataka 265/65R17 112H, bila LT mbele. Kama saizi yako ni nyingine, angalia namba iliyoandikwa kwenye matairi yaliyokuja na gari, usishuke chini yake.

Namba mbili Toyo Open Country A/T III, halafu Falken Wildpeak A/T3W, masharti ni yale yale, chukua isiyo LT. Toyo naiweka mbele kwa utulivu, Falken inashika vizuri ila naiona nzito.

Namba tatu BFGoodrich All-Terrain, KO2 au hii mpya KO3. Najua hapa nitatukanwa. Jina hilo lipo tangu 1976 na heshima yake halikupewa bure, ubavu wake ni mgumu kweli na mawe makali hayaukati kirahisi. Kama unapita kwenye miamba kila wiki, au unabeba mzigo mzito kila siku, au umefunga bampa la chuma na winchi na hema juu, hapo LT ina kazi na hela yako haijapotea. Ila kwa anayebeba laptopu na mtoto wa shule, hapana.

Namba nne HT, tairi la lami. Wengi wenu hili ndo mnalohitaji ila hamtakubali, tuendelee.

Mwisho MT, tairi la matope. Zile nafasi kubwa kati ya kashata ndo zinatema matope, na ndo hizo hizo zinafanya mpira unaogusa lami uwe mdogo, sasa simama ghafla kwenye mvua uone. Kelele sizungumzii. RT, ile ya katikati ya A/T na MT, nayo ni MT iliyovaa tai ya kwenda ofisini, kelele imepungua kidogo, uzito uko pale pale.

Za bei rahisi zenye majina ambayo hata muuzaji anayasoma kwa shida: angalia namba ya mzigo na tarehe, basi.

Kuhusu kuongeza saizi, kutoka 265/65R17 kwenda 285/70R17 kipenyo kinaongezeka kama asilimia 7. Spidi mita ikisema 100 wewe uko karibu 107, gari inakuwa nzito kuchomoka, na kimo ulichopata chini ya difu ni milimita 27 tu. Na spea je? Watu wananunua manne, la tano linabaki dogo pale chini ya bodi, siku ya pancha uko kwenye matope unafunga dogo halafu unaweka fowili. Kwenye fowili ya kuingiza na kutoa, mbele na nyuma vinafungwa pamoja, tairi zikipishana kipenyo unaitesa giaboksi. Nunua matano. Na pima kwanza kama la tano linaingia pale chini, mengine makubwa hayaingii.

Sasa wauzaji. Hiyo "ply 10" mnayowauzia watu, tairi la leo halina tabaka 10, ni jina la kiwango cha nguvu lililobaki tangu zamani, na mnajua. Herufi nyeupe ubavuni nazo zimekuwa sababu ya kupandisha bei, rangi! Na kinachonichosha zaidi ni tarehe. Ubavuni, mwisho wa ule mstari wa herufi na namba unaoanza na DOT, kuna namba nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muulize muuzaji tarehe uone anavyogeuza mada. Atakupakia dawa ya kung'arisha, tairi liwake jeusi, akushikishe vile vinywele vya mpira akwambie "jipya hili dada, vinywele vyote vipo". Vinywele vinakuwepo hata tairi likikaa stoo miaka saba. Na kama namba nne huzioni, zimeandikwa ubavu mmoja tu, mwambie ageuze tairi.