WordPress au Django? Uzoefu wangu na tovuti ya bei za mazao hapa Mbeya

Kwa anayetaka jibu la haraka: kama tovuti yako ni ya habari, matangazo na picha, weka WordPress, programu ya kuendeshea tovuti bila kuandika msimbo, na usijisumbue. Kama kazi yake kubwa ni takwimu, yaani kila siku kuna mtu anaingiza bei, kipimo, soko na tarehe, chukua Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa kuandika msimbo wako mwenyewe. Zote mbili nimezitumia kwa kazi halisi hapa Mbeya, na katikati nilipitia mifumo mingine ya kutengenezea tovuti: Drupal, Rails na Hugo.

Kazi yenyewe ni tovuti ya kikundi cha wakulima wa viazi na parachichi. Wanachama wametawanyika Umalila na Uporoto, wachache wako upande wa Njombe. Wanachokitaka ni kwamba kabla mtu hajampigia dalali, ajue gunia limeuzwa shilingi ngapi jana Mwanjelwa, Uyole na Makambako. Wengi wanafungua kwa simu, kwa bando la siku, na kule milimani mtandao unakuja na kuondoka. Ukurasa mzito hawausubiri.

Tovuti niliyokabidhiwa ilikuwa ya WordPress, na ilikuwa imetengenezwa vizuri. WordPress ilianza mwaka 2003, Matt Mullenweg na Mike Little walipoiendeleza kutoka kwenye programu iliyoitwa b2, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaendeshwa nayo. Imeandikwa kwa PHP, lugha ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani mwaka 1995, na kwa mtu wa huku faida inaanzia hapo. Hostingi, yaani nafasi ya kukodi ya kuweka tovuti, hata ya bei ya chini kabisa ina PHP na hifadhidata ya MySQL. Unalipa kwa simu, unaingia cPanel, paneli ya kusimamia hostingi, unabofya mara chache, tovuti iko hewani kabla chai haijapoa. Kitu kikigoma, fundi anayeijua utampata Mbeya, Iringa, hata Mafinga.

Shida ilikuwa kwenye bei. Makarani wa masoko walikuwa wanaziandika ndani ya chapisho, kwenye jedwali la kawaida. Mmoja anaandika "60,000/=", mwingine "elfu sitini", wa tatu "60-65". Kipimo ndicho kilivuruga kabisa, maana gunia la kilo 100 si sawa na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, na lumbesa pamoja na kukatazwa miaka yote bado inapakiwa. Ukitaka kujua kilo ya viazi imepanda kiasi gani tangu Machi hadi Juni, jedwali la namna hiyo halikupi jibu.

Inawezekana kulitatua hilo ndani ya WordPress yenyewe. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010 unaweza kuunda aina zako za maudhui, na plagini, yaani programu za nyongeza, za kuongeza sehemu za kujaza ni nyingi. Njia hiyo niliipima kwa makini. Lakini taarifa za ziada zinakwenda kukaa kwenye jedwali la wp_postmeta, na humo kila thamani inahifadhiwa kama maandishi, iwe bei, tarehe au jina la soko. Usipoieleza izisome kama namba, 9000 itapangwa kama kubwa kuliko 60000. Ukichuja kwa soko, zao na wiki kwa pamoja, hifadhidata inalirudia jedwali lile lile kwa kila sharti, na kwenye hostingi ya kuchangia na wengine ukurasa unaanza kujikokota kadiri kumbukumbu zinavyoongezeka. Muundo ule ulibuniwa kwa ajili ya makala, na kwa makala unafaa sana.

Drupal ingeweza kuifanya kazi hii, nakiri wazi. Sehemu za kujaza zenye aina zake ziko ndani, na Views, kifaa cha kuchuja na kupanga orodha, kiliingizwa kwenye mfumo mkuu tangu Drupal 8 ya mwaka 2015. Kilichonirudisha nyuma ni mzigo wa kuitunza. Kutoka Drupal 7 kwenda 8 ilikuwa karibu kujenga upya, na Drupal 7 ilifungwa rasmi tarehe 5 Januari 2025. Rails niliipenda sana, lugha yake ya Ruby ni tamu kuandika, ila sikumjua mtu mwingine hapa mjini ambaye ningemwachia funguo. Hugo inatoa kurasa tuli nyepesi ajabu, lakini huwezi kumwambia karani wa soko atumie Git, programu ya mafundi ya kutunza mabadiliko ya faili.

Django ilitoka kwenye ofisi ya gazeti. Adrian Holovaty na Simon Willison waliianza mwaka 2003 wakiwa Lawrence Journal-World, gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, Marekani, na ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Hata leo, usipoandika majira ya saa ya kwako, chaguo la msingi lililomo ndani kabisa ya msimbo wake ni America/Chicago, majira yale yale ya Lawrence. Imeandikwa kwa Python, na asili yake ya gazetini inaonekana kwenye kitu kimoja ambacho sijakikuta kikiwa kizuri hivyo kwingine: admin, sehemu ya kuingizia na kusimamia taarifa. Unaieleza Django kitu chako kina sehemu zipi, nayo inakutengenezea jedwali la hifadhidata, fomu ya kujaza, orodha, vichujio na ruhusa za watumiaji. Hujaandika hata ukurasa mmoja, na karani tayari ana pa kufanyia kazi.

Yetu iko hivi. Zao na soko ni vya kuchagua, hakuna kuandika kwa mkono. Kipimo nacho ni cha kuchagua: kilo, debe, gunia la kilo 100, lumbesa. Bei ni namba tupu, herufi hazipiti. Nikaongeza sharti moja: ukichagua lumbesa bila kujaza uzito uliopimwa kwenye mzani, fomu inakataa kuhifadhi na inakueleza sababu kwa Kiswahili. Sharti hilo ni mistari michache tu ndani ya kazi (function) inayoitwa clean. Kuanzia hapo bei ya kilo inajikokotoa yenyewe, na mkulima wa Umalila anaweza kulinganisha Uyole na Makambako bila kudanganywa na ukubwa wa gunia.

Kwenye mipangilio niliandika LANGUAGE_CODE kuwa 'sw' na TIME_ZONE kuwa 'Africa/Dar_es_Salaam'. Tafsiri ya Kiswahili imo ndani ya Django yenyewe, hivyo karani anaona Hifadhi na Futa bila mimi kutafsiri chochote. Jambo hili lina uzito kuliko watu wa kompyuta wanavyodhani. Karani wetu wa Uyole ni mama mtu mzima, miaka yote bei zake zilikaa kwenye daftari. Nilipomkalisha mbele ya fomu aliuliza, "Mwanangu, nikikosea je?"

"Unabofya mstari wako mama, unarekebisha, unahifadhi."

"Na mtu mwingine akija kuibadilisha bei yangu?"

Nikamfungulia historia ya kumbukumbu ile. Admin inaandika nani amebadilisha, nini, na lini. Akaisoma taratibu, akasema, "Basi hii naitaka." Ugomvi wa bei sokoni ni mkubwa, na jina lake ndilo linalotajwa watu wakilalamika.

Sasa gharama, maana hapa Django inadai. Hostingi nyingi za bei ya chini hazina Python, au zinayo kwa kubanwabanwa. Nilikodi seva ndogo, zile zinazoanzia kama dola 4 hadi 6 kwa mwezi, na lazima uwe na kadi inayolipa mtandaoni. Baada ya hapo kila kitu ni chako: nginx, gunicorn, cheti cha usalama, ukuta wa moto, nakala rudufu kila usiku. Kama neno gunicorn ni geni kwako na huna wa kukushika mkono, bakia WordPress kwanza. Kwa usalama Django inakusaidia sana, fomu zake zina kinga ya CSRF, yaani maombi ya kughushi yanayotumwa kwa jina lako kutoka tovuti nyingine, na violezo vyake vinazuia msimbo wa kupachikwa, lakini masasisho ya seva hayajifanyi.

Upungufu wake wa pili ni uandishi. Django peke yake haina pa kuandikia makala kwa raha, penye picha na vichwa vidogo. Dawa yake ni Wagtail, mfumo wa maudhui uliojengwa juu ya Django na kampuni ya Torchbox ya Uingereza, awali kwa ajili ya Royal College of Art ya London, ukatolewa kwa umma mwaka 2014. Niliujaribu na ni mzuri mno. Hata hivyo sikuuweka. Katibu wa kikundi ameizoea WordPress, anaandika habari za mikutano na mafunzo bila kumpigia mtu simu, na sikuona sababu ya kumnyang'anya chombo anachokimudu. Habari zimebaki WordPress kwenye hostingi ile ile, bei ziko Django kwenye anwani ndogo ya domeni hiyo hiyo, na ukurasa wa mwanzo unavuta bei za leo kutoka huko. Msomaji haoni mshono.

Kuhusu mtu wa kukurithi: vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo kutoka vyuo vya hapa wengi wameshagusa Python darasani, hivyo Django wanaishika haraka kuliko nilivyotarajia.

Ukianza leo, anza na Django 5.2, toleo la kuhudumiwa muda mrefu lililotoka Aprili 2025, linalopata marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028. Matoleo ya katikati hutoka takriban kila miezi minane, na kwa kikundi kisicho na fundi wa kudumu hakuna haja ya kuyakimbiza. Andika namba za matoleo kwenye requirements.txt, faili la orodha ya programu ambazo tovuti inazihitaji, na nywila za domeni na seva akabidhiwe katibu kwa maandishi siku hiyo hiyo tovuti inapokwenda hewani.