Vipande vya titaniamu vya bunduki ya upepo: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji wanaoshindana kulenga shabaha nchini Uingereza yanafanana mno: mtu amelipa fedha nyingi kwa kipande cha titaniamu kilichokerezwa kwa oda, amekifunga kwa uangalifu, na baada ya majuma machache skrubu imekwama kabisa au nyundo, yaani kipande kinachopiga vali ya hewa, imeanza kukwaruza njia yake. Muuzaji hujibu kwamba mnunuzi alikaza kupita kiasi. Mara nyingi jibu hilo ni la kukwepa, kwa sababu kasoro ilikuwemo tangu kipande kilipotoka kwenye mashine ya kukerezea.

Wepesi wa titaniamu sitauzungumzia sana, maana hakuna tangazo lisiloutaja: sentimita moja ya ujazo ya aloi ya daraja la 5 (titaniamu iliyochanganywa na alumini na vanadi) ina gramu 4.43, ilhali ya chuma hukaribia gramu 7.85. Jambo ambalo matangazo hulinyamazia ni kwamba titaniamu tupu ikisuguana na titaniamu nyingine, au na chuma cha pua, metali hizo hulana. Utando wa oksidi unaoilinda huchubuka kwa mgandamizo, chembe za upande mmoja zikang'ang'ania upande wa pili, na kadiri unavyozungusha ndivyo uzi wa bolti unavyozidi kushikana, hata ikakatika kabla ya kutoka. Rangi za buluu, zambarau na dhahabu zinazopendeza kwenye picha hazizuii chochote, kwa kuwa nazo ni utando uleule wa oksidi uliokuzwa kwa umeme, na unene wake haufiki maikroni moja. Kinga ya kweli ni tabaka gumu kama la nitridi ya titaniamu, au bushi, yaani mrija mfupi wa kutenganisha metali mbili, ya shaba nyeusi mahali penye msuguano. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza kipande hicho kitagusana na metali gani na kimepakwa nini.

Kwa kipimo hicho, naweka nafasi ya kwanza pini inayosukuma risasi kuingia kwenye mtutu. Titaniamu ya daraja la 5 ina nguvu ya kutosha kuruhusu pini iwe nyembamba bila kupinda, hivyo haizibi sana njia ya hewa, na kwa kuwa oringi (pete ya mpira) ndiyo inayobana hewa, msuguano wa metali kwa metali ni mdogo. Hapa fedha zako zina kazi.

Nafasi ya pili ningeupa ulimi wa kifyatulio, ila hapa upendeleo wangu nauweka wazi: napenda vipande vya Rowan Engineering ya Uingereza, hasa ulimi wao wa alumini kwa kifyatulio cha Rekord cha Weihrauch, mtengenezaji wa bunduki wa Ujerumani, na sijaona ulimi wa titaniamu unaonishawishi kuuacha. Kidole hakitambui gramu chache zilizopungua, lakini hutambua mara moja umbo la ulimi na mahali ulipokaa. Anayeng'ang'ania titaniamu ahakikishe tundu linalozunguka kwenye pini ya chuma lina bushi.

Mkono wa kukokea unafuata, na hoja yake kubwa ni urembo. Skrubu za seti za bei nafuu zinatosha kwa sehemu za nje, mradi zipakwe grisi ya kuzuia kukwama. Grisi hiyo isikaribie kabisa njia ya hewa, kwani mafuta yatokanayo na petroli yakikutana na hewa yenye shinikizo kubwa yanaweza kuwaka. Huko ndani hutumika grisi ya silikoni.

Nyundo naiweka mwisho. Husuguana kila unapofyatua, na uzito wake ukibadilika, muda wa vali kukaa wazi nao hubadilika, na pamoja nao nguvu ya bunduki. Kisheria Uingereza hairuhusu bunduki ya upepo izidi futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16.3, bila cheti cha silaha. Scotland yenyewe inadai cheti hata chini ya hapo tangu mwisho wa 2016. Kubadilisha nyundo ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kupimia kasi ya risasi. Mtungi wa hewa wa titaniamu usio na muhuri wa jaribio la shinikizo sitaupanga popote, kwa sababu haufai kununuliwa.

Bei kubwa kiasi naielewa: titaniamu haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto hubaki kwenye ncha ya kisu cha kukerezea na visu huisha upesi. Nisichokielewa ni muuzaji anayeandika "titaniamu ya ndege" bila kutaja daraja wala uzito, kisha akakataa kurudishiwa mali kwa kuwa eti ilitengenezwa kwa oda. Kanuni za Uingereza za mwaka 2013 humpa anayenunua kwa mbali siku 14 za kughairi, na ni kweli kwamba vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo vya mteja havimo. Lakini kipande kilichokuwa tayari kwenye rafu, chenye vipimo vya kila mtu, hakigeuki kuwa cha oda kwa kuitwa hivyo tu, na hata kilicho cha oda kweli, kikiwa na kasoro, sheria ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kukikataa na kudai fedha zako zote.