Uzoefu wangu na kimeng'enya cha kolajeni cha binadamu (PLOD2), tangu boksi lifike Mbeya

Wadau wa maabara, nimekaa na hiki kitu miezi mitano sasa, nikaona niandike maana wakati naagiza nilitafuta mtu wa huku kwetu aliyewahi kukitumia nikakosa kabisa. Jina la kampuni sitaji. Ni PLOD2 ya binadamu, yaani laisili haidroksilezi ya pili, imezalishwa kwenye seli za binadamu zinazokuzwa maabara, maikrogramu 20 ndani ya katyubu kadogo ambako ukikaangalia unaweza kudhani hakana kitu. Kazi yake ni kubandika oksijeni na haidrojeni kwenye laisini (moja ya vijenzi vya protini) zilizo miishoni mwa nyuzi za kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, mifupa na makovu, na hapo ndipo nyuzi zinakuja kufungana kwa nguvu, kovu linakuwa gumu na halitoki. Mimi nafuatilia makovu ya mapafu kwa watu waliopona TB, nataka kujua kama kuna mmea wa huku Nyanda za Juu unaoweza kukizuia kimeng'enya hiki.

Safari yake kwanza. Toka Dar niliikataa basi, nikalipia ndege mpaka Songwe, na bado barafu kavu ilifika imebaki vipande vichache tu chini ya boksi. Roho ilinidunda. Ila tyubu ilikuwa bado imeganda ngumu, nikaiyeyusha juu ya barafu ya kawaida, nikaizungusha kidogo ishuke chini, nikagawa papo hapo maikrolita 5 kila katyubu na kurudisha friza ya -80. Hili la kugawa siku ya kwanza nalisisitiza, katyubu kamoja nilikayeyusha na kukagandisha mara tatu makusudi nione, kakabaki na kama nusu ya nguvu. Na huku umeme unavyokatika, hakikisha jenereta inaiwasha friza yenyewe bila kusubiri mtu aje usiku.

Sasa wiki mbili za kwanza sikupata kitu. Napima saksineti, yaani kinachobaki kimeng'enya kinapovunja 2-oksoglutareti (kemikali kinayoitumia kikifanya kazi), kwa seti ya vipimo ambayo saksineti ikiwepo inatoa mwanga, na visima (vishimo vidogo vya sahani ya maabara) vyenye kimeng'enya vilikuwa sawasawa na visivyo nacho. Nilishaanza kuandika barua ya kulalamika kwa muuzaji, nikasema hiki kimekufa njiani. Dada anayesimamia maabara yetu akaniuliza swali moja tu, chuma chako umekichanganya lini? Nikamwambia Jumatatu, na hiyo ilikuwa Ijumaa. Akaniambia angalia rangi. Kweli, ilikuwa ya kutu.

Hiki kimeng'enya hakifanyi kazi peke yake. Kinataka chuma chenye chaji mbili, kinataka 2-oksoglutareti, kinataka oksijeni, na kinataka vitamini C ya kukirudisha chuma kwenye hali yake kinapochakaa. Ndicho kinachotokea kwa mtu mwenye kiseyeye, fizi zinavuja damu na vidonda vya zamani vinafumuka kwa sababu vimeng'enya vya familia hii vimekosa vitamini C na kolajeni inatoka dhaifu. Mwilini hiyo ni historia ya mabaharia, kwenye kisima changu ilikuwa ni askobeti (ndiyo hiyo vitamini C) iliyogeuka njano na chuma cha siku nne. Tangu hapo nachanganya vyote asubuhi ileile, chuma maikromola 10 kwenye maji yenye asidi kidogo, askobeti maikromola 500, bafa ya HEPES (maji ya kushikilia kiwango cha asidi kisibadilike) isiyo na EDTA hata chembe (EDTA inakumbatia chuma chote na kazi inaishia hapo), na fosfeti pia naikwepa. Siku hiyohiyo mwanga ukapanda. Ile barua nikaifuta, na muuzaji sina kinyongo naye hata kidogo.

Kosa langu jingine lilikuwa kukipa kolajeni iliyosokotwa tayari, ya mkia wa panya. Kimeng'enya hiki kinafanya kazi kabla nyuzi tatu hazijasokotana, kwa hiyo tumia peptidi fupi (vipande vidogo vya protini) au jelatini uliyoichemsha. Na weka kisima kisicho na peptidi kila mara!! Maana kinaweza kuvunja 2-oksoglutareti chenyewe bila kugusa laisini yoyote, saksineti inatoka, wewe unashangilia na hakuna kilichofanyika kwenye kolajeni. Kwangu kiasi hicho si kidogo, lazima ukitoe kwenye hesabu.

Kwenye mimea ndipo nilipojifunza zaidi. Dondoo la mbegu ya parachichi lilizima mwanga karibu wote, tukafurahi sana pale maabara. Halafu nikajaribu chai tu, chai ya Tukuyu tunayokunywa kila siku, nayo ikazima vilevile. Nikakumbuka kliniki wanavyowaambia mama wajawazito wasimeze vidonge vya chuma na chai. Tanini inakamata chuma! Nikaongeza chuma mara tano, na nguvu ya kimeng'enya ikarudi kwenye chai na sehemu kubwa kwenye parachichi pia. Kwa hiyo dondoo langu kwa sehemu kubwa halikuwa linakigusa kimeng'enya, lilikuwa linakinyang'anya chuma. Iliniuma, ila nashukuru nimejua kabla sijaandika popote. Sasa kila dondoo linapita mtihani wa chuma kwanza, halafu naliweka na saksineti tupu nione kama haliharibu mwanga wenyewe, na baada ya hapo ndio naligharamia kimeng'enya. Kati ya madondoo kumi na moja yamebaki mawili.

Kwa ubora naridhika, visima vitatu vya sampuli moja vinakaribiana sana, na karatasi inayokuja nacho inaeleza vizuri kilivyosafishwa. Kinachokosekana kwenye hiyo karatasi ni onyo la chuma, wameandika kama vile kila mtu anajua. Bei ni kubwa, na sehemu nzito ya gharama ni barafu kavu na usafiri kuliko kimeng'enya chenyewe, kwa hiyo kama uko Iringa, Njombe au hapahapa Mbeya na una kazi ya kolajeni, oda yangu ijayo ni mwezi wa saba wakati wa baridi, boksi moja linabeba tyubu za watu hata sita, tuunganishe.